Gari linazima, fundi anakula!

Leo nina jambo la kuungama. Linahusu gari la mjomba.

Mjomba ana kigari cha Kijapani cha miaka ya 1980, cha kabureta, kimenizidi umri. Washikaji wa kijiweni wanakiita mkweche. Lakini ndicho kitu pekee kilichobaki kwenye kiinua mgongo chake, na ndicho kinachombebea mkewe ndoo za maandazi na sambusa kila alfajiri. Kikilala, nyumba nzima imelala njaa.

Basi bwana, mwezi wa nne ugonjwa ukaanza. Linawaka vizuri, linakwenda kama dakika ishirini, linakohoa kidogo, kisha kimya! Piga starta, linagoma. Kaa pembeni utafune hindi la kuchoma, baada ya robo saa linawaka kama vile halijafanya kosa.

Siku moja likazima tukiteremka Kimara. Breki zikawa ngumu kama jiwe, maana breki zile zinasaidiwa na injini, ikizima unabaki na nguvu za mguu wako tu. Mke wa mjomba akapiga yowe, sambusa zikamwagika. Tuliposimama, mjomba alikuwa anatetemeka. Akasema hili gari litatuua.

Fundi wetu wa chini ya mwembe hakuuliza swali hata moja. Alikunja mikono ya shati akashika spana.

"Plagi hizo, mzee." Tukaleta plagi nne mpya, likazima.

"Pampu ya mafuta." Tukaleta pampu, likazima.

"Basi kabureta." Kila wiki mimi natumwa Gerezani kununua spea, na kila wiki sambusa zinapanda daladala. Mwisho akatangaza kuwa injini imekwisha, ila kwa vile yeye ana roho nzuri, atalinunua gari lenyewe kwa bei ya kitanda. Mjomba akakubali huku anaangalia chini.

Jumamosi nikapewa funguo nikampelekee. Magomeni hivi, likazima. Pembeni palikuwa na mzee mmoja anaziba pancha. Akanitazama ninavyohangaika na starta, akaja taratibu.

"Kijana, linazima zaidi tenki likiwa limejaa au likiwa na mafuta kidogo?"

Nikafikiri. Loh! Siku tukiwa na ukata, tumeweka lita tatu, tunafika. Siku mjomba akipata pesa akajaza, hatumalizi safari. Mimi nilidhani gari lina wivu na maendeleo yetu.

"Fungua mfuniko wa tenki," akasema.

Nikafungua. Fyuuu! Tenki likavuta hewa kama mtu aliyezama akaibuka. Akaniambia nipige starta. Mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu likanguruma!

"Kopo la maziwa unatoboa matundu mangapi?"

"Mawili, mzee. Moja maziwa yatoke, jingine hewa iingie."

"Basi tenki nalo ni kopo. Pampu inavuta petroli, hewa haiingii, mwisho pampu inashindwa kuvuta. Ukisimama, hewa inapenya polepole, linawaka tena. Likiwa limejaa, nafasi ya hewa ni ndogo, ndiyo maana linawahi kukwama. Sasa niambie, hili lilianza lini?"

"Mwezi wa nne."

"Na mwezi wa nne mlifanya nini kwenye gari?"

Hapo nikameza mate. Mwezi wa nne mfuniko ulipotea. Mjomba alinipa hela ninunue mpya, nikanunua wa mtumba, chenji ikaniishia kwenye chipsi. Ule mfuniko ukawa unapwaya, petroli inamwagika kwenye kona, nikauviringishia kipande cha mfuko wa rambo. Ndiyo, rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019, mimi nilikuwa na akiba uvunguni. Nikaubana kisawasawa, hewa isipate hata pa kuchungulia.

Mzee akauchomoa, akaninyooshea, hakusema neno.

Kwa hiyo, mshikaji, gari likikuzimia usikimbilie spea. Likiwa limezima palepale, angalia kwanza limekosa nini, moto au mafuta, na sigara iwe mbali. Mpe fundi historia: lilianza lini, linazima likiwa baridi au likipata moto, kwenye foleni au kwenye mwendo, na kabla ya hapo liliguswa nini. Nyie wa magari ya kompyuta, linalozima kwenye foleni mara nyingi lina masizi kwenye njia ya hewa ya injini. Linalozima likipata moto tu, sensa ya krenki ikaguliwe kabla hujauziwa pampu. Fundi asiyeuliza swali anatibu mfuko wako.

Gari sikulipeleka kwa mnunuzi. Nilinunua mfuniko mzima, wenye tundu lake la hewa, nikalirudisha nyumbani. Mjomba nilimwambia tu kwamba mfuniko ulikuwa mbovu. Akanisifu mbele ya watu, mkewe akanipa sambusa sita za bure. Nilizila, lakini zilikuwa hazishuki vizuri.

Sasa mjomba gazeti hili huazima kwa kinyozi wake kila wiki. Mjomba, shikamoo. Plagi, pampu na kabureta nitalipa kidogo kidogo, mhariri akinilipa. Ila mama usimwambie.

Tuonane wiki ijayo wapenzi wasomaji, kama bado nitakuwa na pa kulala.