Sura ya Mtu wa Mjini

Wapo wanazuoni wasemao ya kwamba taswira ya rangi ya mafuta si sanaa yetu, na kwamba mchoraji wa Iringa au Mbeya aipakaye juu ya turubai amekwisha kuihama nyumba ya baba yake. Wao humtaka achore ngao, mkuki, na Mmasai mwembamba asiye na uso. Picha za namna hiyo huuzwa kwa wageni waendao Ruaha, na aliyechorwa humo hana hata jina. Ati hiyo ndiyo mila!

Na tuwatazame Wajapani. Mwaka 1872 Takahashi Yuichi alimchora kwa mafuta mwanamke mashuhuri wa mtaa wa starehe wa Yoshiwara, mjini Tokyo, nywele zake zimechomekwa vibanio vingi kwa namna ya kale iliyokuwa ikitoweka. Rangi ilikuwa ya Ulaya. Kichwa kilikuwa cha Kijapani kabisa. Yasimuliwa kwamba mwanamke yule alipoiona picha alilia, akasema huyo siye, kwa maana hakuzoea kuchorwa pasipo kupambwa. Mwaka 1897 Kuroda Seiki, aliyejifunza Ufaransa, alimchora mwanamke aliyekuja kuwa mkewe, amevaa yukata kando ya ziwa, upepeo mkononi. Leo serikali ya Japani yazihesabu picha zote mbili kuwa mali muhimu za utamaduni.

Kwetu nako, Sam Ntiro, aliyesoma Makerere na London, aliwachora Wachaga kwa mafuta hayo hayo. Lakini watu wake ni wadogo, wamo kazini vijijini, na nyuso zao hazisomeki. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alitumia rangi ya baiskeli, wala hatusikii akilaumiwa kwamba baiskeli si ya mila.

Basi ni nani amchoraye mama wa Mwanjelwa, kitenge kiunoni, sweta mabegani kwa baridi ya Juni, simu kati ya sikio na kilemba, akihesabu chenji ya viazi vya Uporoto? Mama huyo ameacha mila gani?

Iringa yapaswa kulijua jambo hili kuliko mahali pengine. Mtwa Mkwawa alikufa 1898, kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Kilidaiwa hata katika mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu halikurudi Kalenga ila mwaka 1954. Watu waliongojea kichwa kimoja miaka hamsini na sita hawawezi kuambiwa ya kuwa uso wa mtu ni anasa ya kizungu.

Boma la Iringa, lililofanywa makumbusho mwaka 2016, lina kuta za kutosha. Mchoraji na aanze na mama yule wa viazi, tena amlipe kwa saa atakazomkalisha, maana soko halimngojei.