Kibarua bila barua

Kila ifikapo Mei mosi, Wakenya husubiri kusikia rais atatangaza nyongeza ya asilimia ngapi. Mjadala wa maslahi ya mfanyikazi huanzia hapo na huishia hapo. Nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza kutumika Novemba 2024 ilifikisha mshahara wa chini wa mfanyikazi wa kawaida Mombasa, Nairobi na Kisumu hadi Sh16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Waajiri wakalalamika, vyama vya wafanyikazi vikasema haitoshi, na sote tukaendelea na shughuli zetu.

Ila hapa Pwani wapo watu wengi ambao matangazo hayo huwapita kama basi la Nairobi lisilosimama Mariakani. Hao hawana mwezi, wana siku. Anayesimama kwenye lango la godauni Shimanzi au Changamwe saa kumi na mbili asubuhi hajui kama leo ataingia au atarudi nyumbani. Binti anayeshona nguo za kwenda Marekani hajui kama kesho ataitwa. Msaidizi wa jikoni katika hoteli ya Diani, Bamburi au Watamu hupigiwa simu wageni wakijaa, na wakipungua simu hunyamaza. Tunawaita vibarua, na hali hiyo tumeizoea kiasi kwamba anayeihoji huambiwa ashukuru Mungu ana pa kwenda.

Neno lenyewe lina kisa chake. Kibarua ni barua ndogo. Unguja ya karne ya 19, aliyechukuliwa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi, akikirudisha jioni ndipo alipwe. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Kwa hivyo hata katika zama zile za dhulma mtu alikuwa na kitu mkononi cha kuthibitisha kwamba leo amefanya kazi. Kibarua wa leo amebaki na jina, karatasi imeondoka.

Tukizungumzia haki kazini, mimi naona Pwani tumeshika mkia. Tunabishana juu ya kiwango cha mshahara, na kinachowatesa watu zaidi ni kutokuwa na chochote kilichoandikwa.

Tutazame sheria, maana wengi hudhani kibarua hana sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Basi. Anayelipwa kila Jumamosi kwa M-Pesa, akiambiwa Jumatatu arudi, tayari ana shida ya kuitwa kibarua kisheria, hata kama msimamizi anamwita hivyo kila siku. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake ni mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kuisha kabla ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyikazi wa kulipwa kwa mwezi. Siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi nayo imo ndani ya hesabu, na ni ya kulipwa. Akipita miezi miwili tangu alipoanza, anastahili masharti yale yale ambayo angepata kama hangeanza na ukibarua.

Hapo ndipo anaingia kwenye likizo ya siku 21 kwa mwaka, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na 7 nyingine kwa nusu. Hapo pia ndipo hawezi kuambiwa tu "usije kesho". Lazima apewe ilani, aelezwe kosa na asikilizwe. Katiba yenyewe, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, na haikusema kila mtu isipokuwa wa langoni.

Sasa mbona watu wanafanya kazi mahali pamoja miaka sita, minane, na bado ni vibarua?

Kwa sababu wenye kuajiri wanaijua sheria kuliko waajiriwa. Njia mojawapo ni kukata siku. Ikikaribia miezi mitatu mtu hupumzishwa wiki moja, kisha akaitwa tena kana kwamba ni mgeni. Nyingine ni wakala. Unafanya kazi ndani ya kiwanda, unavaa sare ya kiwanda, unaamrishwa na msimamizi wa kiwanda, lakini ukidai haki yako unaambiwa mwajiri wako ni wakala ambaye afisi yake huijui. Na ipo ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kazi ya kipande: unalipwa kwa mifuko uliyobeba au tani ulizovuna, wala si kwa siku ulizokuja.

Hii ya tatu imeshatuuma hapa hapa nyumbani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya wafanyikazi kadhaa wa chumvi wa Pwani, na ikasema kifungu cha 37 kinamhusu kibarua wa siku, si mfanyikazi wa kipande. Kisheria uamuzi una mantiki yake, kwani sheria imezitaja aina hizo mbili mbalimbali. Lakini mtu aliyeinama kwenye chumvi kuanzia Gongoni hadi Marereni, jua la utosini, miaka nenda miaka rudi, hawezi kuiona tofauti hiyo kwenye mgongo wake. Bunge ndilo lenye uwezo wa kuliziba pengo hilo, na sijamsikia mbunge wetu hata mmoja akilivalia njuga. Malalamiko ya eneo hilo si mapya. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliyachunguza hadharani na kutoa ripoti mwaka 2006.

Siku hizi kampuni kubwa zinapenda kuzungumzia afya ya akili ya wafanyikazi. Kuna semina, kuna mabango ukutani. Vyema. Lakini afya ya akili ya mtu ambaye hajui kama kesho ana kazi haitibiwi kwa semina. Mwenye nyumba anataka kodi tarehe tano. Muuza duka hukopesha anayemjua siku yake ya mshahara, na kibarua hana siku ya mshahara, basi hukimbilia mikopo ya simu. Akiamka na homa huenda kazini nayo, kwa kuwa akikosa leo nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Bima ya afya pia inamkalia vibaya. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi bila hata kufikiria, ilhali asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima mbele, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Sh3,600 kwa pamoja, kwa mtu anayehesabu siku! NSSF ndiyo usiseme. Mwajiri anatakiwa kuongeza kiasi sawa na anachokatwa mfanyikazi, na asiyeandikishwa anapoteza vyote viwili hadi uzee unamkuta mikono mitupu.

Na kuna jambo ambalo watu hulisema barazani kwa sauti ya chini. Pale ambapo mtu mmoja, nyapara, ndiye anayenyoosha kidole kila asubuhi kuchagua nani aingie, kidole hicho kina bei. Kwa wanaume mara nyingi ni sehemu ya ujira wa siku. Kwa wanawake bei huwa nyingine. Sheria inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyikazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya dhulma za kingono. Lakini mwanamke ambaye jina lake haliko kwenye daftari lolote atashtaki kwa nani, na nani atakubali kwamba alikuwepo? Ajali pia ni vivyo hivyo. Mwajiri anatakiwa kuiarifu serikali ndani ya siku 7 tangu ajue mfanyikazi wake ameumia, ili hesabu ya fidia ianze. Aliyeangukiwa na gunia bila jina lake kuandikwa popote, mara nyingi hupelekwa hospitali, hulipiwa sindano na kupewa nauli ya kurudi kwao.

Tusisahau kwamba mji huu ndio uliosimama kwa jambo hili kabla ya miji mingine ya Kenya. Januari 1947 wafanyikazi wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na majumbani waligoma Mombasa ikasimama karibu wiki mbili. Chama chao, African Workers' Federation, kiliongozwa na Chege Kibachia, ambaye kabla mwaka haujaisha alikamatwa na kupelekwa Kabarnet. Baada ya misukosuko hiyo serikali ya mkoloni ilianza kuuondoa ukibarua bandarini, na katika miaka ya 1950 watu wakasajiliwa na polepole wakawa wafanyikazi wa kudumu.

Wapo wakati ule waliokuwa hawautaki usajili huo. Kibarua wa Kiswahili au wa Kimijikenda wa zamani alikuwa na shamba, ana minazi, ana ngalawa. Alishuka bandarini siku anazotaka, akapata fedha yake, akarudi kwenye mambo yake. Ukibarua kwake ulikuwa uhuru, na hilo ndilo lililomkera mkoloni, kwamba hawezi kumpangia siku zake. Ukisikia leo mzee akisema vibarua wa zamani walikuwa na heshima, hakosei. Kilichogeuka ni mwenye kuchagua siku. Leo mashamba mengi yameuzwa au yana kesi, samaki wa karibu wamepungua, na anayechagua siku ni mwenye lango.

Nimezungumza na watu wa hoteli na hoja yao nina haja ya kuipa haki yake. Wanasema utalii una msimu. Kuanzia Aprili hadi Juni mvua hunyesha na vitanda hubaki vitupu, na mambo mengine huja bila hodi: Mei 2014 watalii wa Uingereza waliondolewa Mombasa baada ya tahadhari ya usalama ya serikali yao, na Machi 2020 Korona ikafunga anga. Ukimwajiri kila mtu kwa kudumu, wanasema, utafunga. Ni kweli. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha mwenye hoteli kumwajiri kila mtu maisha. Anaweza kumpa mtu mkataba wa msimu, kuanzia Julai hadi Machi, ukiwa umeandikwa mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko na tarehe ya mwisho. Sheria tayari inataka mkataba wowote wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Mwenye karatasi hiyo anajua Aprili haina kazi, anajipanga, na anaweza hata kukopa kwa chama chake cha akiba. Hasara ya mwenye hoteli hapo siioni, ila atapoteza ile raha ya kumwondoa mtu kwa simu.

Kaunti zetu nazo zisijifiche. Barabara zinafagiwa na mitaro inazibuliwa na vibarua, na kila baada ya uchaguzi orodha hubadilika kufuata nani alimpigia nani kampeni. Serikali inayowaweka wafanyikazi wake hivyo haiwezi kumkemea mwenye godauni. Waje mwaka 2027 kuomba kura kwa ahadi ya ajira kwa vijana, na swali la kwanza liwe ni wangapi kati ya wale wanaowaajiri sasa wana barua mkononi.

Kwa aliyeko kazini leo, yapo machache ya kufanya bila kusubiri bunge wala kaunti. Weka rekodi yako: tarehe ulizoingia, saa, nani alikuwa msimamizi, kiasi ulicholipwa. Jumbe za M-Pesa usizifute, na zikiwa zimefutika, taarifa ya akaunti inaweza kuombwa. Piga picha kitambulisho cha kazi, sare, ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani. Inasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kutunza kumbukumbu za kazi ni wajibu wa mwajiri, na kesi ikifika mahakamani akashindwa kuonyesha mkataba, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ipo Mombasa, na ikiona umeachishwa isivyo haki inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Muda ndio unaowaponza wengi. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufika afisi ya leba ndani ya miezi mitatu, na kesi mahakamani ndani ya miaka mitatu. Watu wetu hukaa nyumbani wakingoja kuitwa tena, nyapara akiwaambia vuta subira, hadi miezi hiyo mitatu inakwisha.