Musituambie «linda Virunga» wakati mbabula haina njia ingine

Wandugu vijana wa Katindo na wa Goma yote,

Kila mara wakubwa wanakutana kwa hoteli kandokando ya Ziwa Kivu, wanatoka na maneno moja: wanainchi waache makala, wapande miti, wachunge umeme. Halafu wanapanda magari, jenereta inabaki inanguruma nyuma yao. Sisi tunarudia Katindo, kwenye mama anajiuliza: leo maharagi itaiva na nini?

Tuseme kweli. Makala mingi yenye inapikia Goma inatoka mu musitu wa Virunga, hifadhi yenye iko tangu 1925. Biashara hiyo inalisha vikundi vya silaha. Walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Gunia yenye inafika kwetu juu ya chukudu inaweza kuwa na damu ndani. Hatufiche hiyo.

Lakini mama hapiki na makala juu anachukia miti. Makala anaweza kununua ya leo tu, na feza kidogo ya leo. Umeme inamuomba kwanza feza ya kuunganisha nyumba, kisha Cash Power, kisha jiko ya umeme. Atatosha wapi?

Na musiseme umeme haiwezekani. Matebe, ku muto Rutshuru, inatoa megawati 13,8 tangu 2015. Ndosho, jua inatoa umeme tangu 2020. Katiba yetu, kifungu cha 48, inahakikisha mayi na umeme. Janvier 2025 vita ilikata umeme, na mayi ikakatika pia, juu pompe inaomba umeme. Watu wakashuka ziwani na bidon. Muji wenye unategemea waya moja hauko muji salama.

Kwa hiyo tunaomba, na hatutachoka:

1. Feza ya kuunganisha ilipwe kidogo-kidogo, na bei ibandikwe mbele ya watu wote.
2. Kila nyumba ipate kipimo chake. Forfait inafundisha watu kuacha taa inawaka muchana.
3. Wenye wanapika mingi, ni kusema kambi, masomo, hoteli, restora, waache makala mbele ya mama wa Katindo.
4. Wenye wanagawa viwanja waache nafasi ya miti, hata kama tunaishi juu ya mawe ya volkano. Na kila paa ya bati ivute mayi ya mvua.

Na sisi? Sisi pia tuko na makosa. Tukitia maharagi mu mayi tangu magaribi, tukifunika chungu, makala inabakia. Mbabula ya udongo inakula kidogo kuliko ya chuma tupu. Waya ya kuiba inaunguza nyumba ya jirani, tuikatae. Tufanye hiyo leo, bila kungojea semina.

Lakini musichukue kazi yetu kidogo kuficha kazi yenu kubwa. Kuchunga umeme ni kazi ya mwenye anayo. Mutupe kwanza!