Tufasiri kwa vitenzi vya jikoni

Tukifasiri mapishi ya Ulaya ya mashmelo zenye maumbo ya sungura na vifaranga, tunakwama kwenye "majira ya kuchipua". Kwetu Kampene hayapo. Pasaka hutukuta katika mvua. Hata jina mashmelo latokana na mmea wa kinamasi ambao leo haumo tena ndani yake: imebaki sukari, jelatini na hewa. Basi tusishikilie majina, tushike kazi ya mikono. Mama anayechemsha sukari, akatia karanga, akamimina, akakata maumbo kabla haijaganda, ana vitenzi vyote tunavyohitaji. Wenzangu, kabla ya kufungua kamusi ya pwani, tumuulize yeye. Tusipomuuliza, tutaandika vitamu ambavyo mtoto wa Maniema hawezi kuvitaja.