Mazungumzo ya Nyumbani: Nyumba ya Magurudumu Mawili



Juma hili twajibu barua ya baba mmoja wa Kasomeno, ambaye kazi yake ni kununua samaki Kasenga na kuwauza Lubumbashi. Anatuarifu kwamba fundi mmoja mgeni, ambaye mkataba wake wa kazi unakwisha, anauza tela lake la kulala safarini. Ni tela jeupe, lililotengenezwa kwa faiba, lenye kitanda, meza na kabati ndogo ya vyombo. "Mimi na mke wangu," asema baba huyo, "twalala njiani siku nyingi, pengine chini ya lori, pengine katika vibanda vya wavuvi, pamoja na mtoto wetu mchanga. Tela hili halishiki kutu, wala mchwa hawaliwezi. Mwaonaje? Je, nitoe akiba yetu ya miaka mitatu?"

Akiba ya miaka mitatu si karanga za kutafuna njiani. Kwa hiyo hatukutaka kujibu tukiwa tumekaa mezani tu. Tulifunga safari, tukalitazama tela lenyewe, ndani na nje, hata tukajipenyeza chini ya tumbo lake tukiwa na taa mkononi. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kasomeno, kama wengi wenu mjuavyo, ni njia panda. Barabara itokayo Lubumbashi hugawanyika hapo: moja yaelekea mashariki hadi Kasenga, kando ya mto Luapula, nyingine yashika kaskazini kwenda Pweto, penye ziwa Mweru. Tangu siku zile Lubumbashi ilipoitwa Elisabethville, na wafanyabiashara wa Kigiriki walipokuwa Kasenga, samaki wa Luapula wamekuwa wakipelekwa mjini kwa malori. Tena upo mpango wa barabara ya kutoka Kasomeno hadi Mwenda, nchini Zambia, pamoja na daraja juu ya Luapula. Basi si ajabu mtu akaaye mahali kama hapo awaze habari za vyombo vya safari.

Wala si jambo geni kwa Kongo kuona nyumba zikikokotwa na motokaa. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Wally Byam, aliyekuwa mwenye kiwanda cha matela ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town hadi Kairo, na msafara huo ulipita Kongo kabla ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Matela yale yalikuwa ya alumini, yaking'aa kama sufuria mpya. Walifika Misri, wakapanga matela yao karibu na piramidi. Lakini njiani matope yaliwashika na vyuma vilivunjika. Nyumba nzuri haikuwaokoa na barabara mbaya. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa na vipuri na mafundi.

Matela ya faiba yalikuja baadaye kidogo. Katika mji wa Winnipeg, nchini Kanada, bwana mmoja aitwaye Ray Olecko alikuwa ameshughulika na matangi ya maji machafu yaliyofanywa kwa faiba. Akawaza: kama kitu hiki chaweza kuzuia maji yasitoke, mbona kisiweze kuyazuia yasiingie? Mwaka 1968 akaanza kutengeneza matela madogo yaliyoitwa Boler, yenye urefu wa kama meta 4. Namna ya kuyafanya ni hii: nyuzi nyembamba za kioo hulazwa katika kalibu, zikaloweshwa kwa utomvu uitwao resini, zikaganda. Hupatikana maganda mawili, la juu na la chini, nayo huunganishwa kiunoni kama maganda ya kunde. Ndiyo kazi ileile inayofanywa kwa maboti ya faiba ambayo wavuvi wa pwani ya Kenya na Unguja wanayajua sana. Mengi katika matela yale ya zamani yangali barabarani hata leo.

Basi, baba yetu wa Kasomeno amesema kweli: ganda la faiba halishiki kutu, wala mchwa hawalili. Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Mwenye tela huliona ganda likimeta, akadhani nyumba yote ni nzima. Tela la faiba haliuawi na ganda lake. Huuawa na vile vitu vidogo vilivyofungwa kwenye ganda hilo. Atakaye kulinunua asitazame weupe wake. Ainame.

Tulipoinama, tuliona kwanza chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba nyumba nzima. Chuma hiki si faiba. Chashika kutu kama chuma chochote. Tuliigonga kwa nyundo ndogo, hasa pale mkono wa kukokotea unapopinda na kuingia chini ya sakafu, kwa maana hapo ndipo mzigo wote unapovuta. Sauti ilikuwa kavu na safi. Ufa mmoja mdogo tuliuona karibu na ekseli, nao wahitaji kuchomelewa na fundi stadi kabla ya safari yoyote.

Kisha tukatazama matairi. Meno yake yalikuwa marefu kama mapya, na muuzaji akayasifu. Lakini ubavuni mwa tairi huandikwa tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tulisoma 1412, maana yake juma la 14 la mwaka 2012. Mpira huzeeka hata ukisimama bila kazi. Jua huukausha, nao hupasuka pasuka kama udongo wa kiangazi. Tela husimama zaidi kuliko linavyokwenda, ndiyo sababu matairi yake hufa kwa uzee kabla ya kufa kwa kazi. Baada ya miaka 6 au 7 yafaa kuyabadili, haidhuru meno yakiwa marefu namna gani. Kadhalika beringi za magurudumu: sharti zifunguliwe kila mwaka, zioshwe, zitiwe grisi mpya. Vumbi la barabara zetu likiingia humo hufanya kazi ya msasa.

Halafu tuliingia ndani. Karibu na mlango kidole chetu kilizama katika sakafu kama katika ugali. Sakafu ilikuwa ya plaiwudi, nayo ilikuwa imeoza. Maji yalitoka wapi, kama ganda halivuji? Yalitoka dirishani. Kila mahali ganda lilipotobolewa kwa ajili ya dirisha, taa au msumari wa ribiti, hapo mvua imepewa mlango. Mpira wa dirisha ukikauka, maji hushuka polepole nyuma ya kitambaa cha ukuta, mwenye nyumba asiyaone, hata siku sakafu itakapomwangusha.

Dawa yake ni kutoa dirisha, kusafisha, na kuweka mpira mpya pamoja na gundi ya kuzibia inayotumika kwa maboti. Wengi hukimbilia silikoni, kwa kuwa ni rahisi na yapatikana dukani. Twawaonya: penye silikoni, rangi haishiki wala resini haishiki. Atakayekuja kutengeneza baadaye atakulaumu. Kazi hii ifanywe kiangazi, kabla mvua za Katanga hazijaanza. Sakafu mpya nayo ipakwe resini pande zote mbili na kingoni, ndipo ipigiliwe mahali pake.

Ganda likipata ufa, fundi wa kwetu aweza kulitibu. Ufa hukwanguliwa uwe kama mfereji, mahali pake pote husuguliwa kwa msasa na kufutwa kwa asetoni. Kisha vipande vya nyuzi za kioo hulazwa kwa resini, kila kipande kikizidi ukubwa wa kile cha chini yake. Dawa ya kugandishia huwa sehemu 1 au 2 tu katika 100. Ikizidi, resini hupata joto kali na yaweza kupasuka. Ikipungua, haigandi kamwe. Dawa hiyo ikiingia jichoni yaweza kupofusha, na vumbi la kioo hudhuru mapafu. Kwa hiyo miwani, kitambaa cha pua na kazi ya nje penye upepo si mambo ya madaha, ni ya lazima.

Sasa habari ya uzito. Tuseme tela na mizigo yake ni kilo 800. Uzito unaolalia ndoano ya motokaa wapasa kuwa kati ya kilo 80 na 120, yaani sehemu 10 hadi 15 katika 100. Mfanyabiashara wa samaki anao mzani wa magunia. Basi aweke mkono wa tela juu yake apime. Mizigo ikirundikwa nyuma, ndoano ikawa nyepesi, tela huanza kutikisa mkia kama mamba, nalo laweza kuitupa motokaa mtaroni. Likianza kutikisika, usikanyage breki kwa nguvu. Legeza mafuta polepole, shika usukani wima. Na maji yasisahauliwe: lita 1 ni kilo 1.

Baba huyu alitaka pia kuongeza paneli ya sola, feni na friji. Hatukumkataza, ila tulimwambia ashike utaratibu. Kwanza kile kinacholinda uhai: ekseli, matairi, breki na taa za nyuma. Pili kile kinachozuia mvua. Tatu sakafu. Starehe ije ya nne. Paneli ya wati 100, katika saa 5 za jua kali, haitoi zaidi ya wati-saa 500, na kwa kweli hutoa pungufu. Yatosha kwa taa, simu na feni ndogo. Friji itaimaliza betri. Na kila tundu litakalotobolewa paani kwa ajili ya paneli ni mlango mwingine wa mvua.

Lipo neno moja ambalo hatutalisema kwa upole. Katika mwezi wa Juni na Julai usiku wa Katanga ni baridi, na watu wetu hupenda kuota moto wa mbabula. Mbabula isiingizwe kamwe ndani ya tela, hata ikiwa makaa yamekuwa mekundu bila moshi. Nyumba ya nyasi hupumua. Ganda la faiba lililofungwa halipumui. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala usingizi asiamke. Katika nyumba ndogo namna hiyo, mtoto mchanga ndiye wa kwanza kuhatarishwa. Mpikie nje, mjifunike blanketi zaidi, na tundu la hewa liwe wazi usiku kucha.

Tulipokwisha kusema hayo, baba alinyamaza. Mama ndiye aliyeuliza: "Na ni nani atakayekaza nati za magurudumu kila safari? Maana mume wangu hufikiri bei ya samaki tu." Tulicheka, lakini hilo lilikuwa swali kuliko yote. Nati zikazwe kabla ya kuondoka, na tena baada ya kilometa 80 hivi za kwanza kila gurudumu lilipofunguliwa. Beringi ziguswe kwa mkono kila mnaposimama. Iliyo ya moto kuliko mwenzake inalalamika. Mambo haya hayataki fedha nyingi, yataka mtu asiyesahau.

Ushauri wetu basi ulikuwa huu: wasitoe akiba yote. Bei ya tela isizidi nusu ya akiba, na nusu ya pili iwekwe kwa matairi, beringi, sakafu na madirisha. Muuzaji asipokubali, waliache liende zake. Anunuaye chombo kwa senti yake ya mwisho amenunua kivuli cha kuku: kuku watakilalia, naye ataendelea kulala chini ya lori.

Majuma machache baadaye tulipata barua nyingine. Muuzaji alionyeshwa tarakimu 1412 na sakafu iliyooza, akapunguza bei. Tela limenunuliwa. Ufa wa chasisi umechomelewa, matairi mapya yamefungwa, sakafu imepakwa resini na inakauka. Mama amenunua daftari. Ndani yake ameandika siku ya grisi, siku ya matairi, na mahali pa kila dirisha. Safari hawajaianza bado, naye baba anaona kama wanachelewa. Sisi twaona hawachelewi.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, fanyeni zoezi dogo. Jumamosi nendeni kwenye motokaa au lori la jirani, mwombe ruhusa mwenyewe, msome zile tarakimu nne ubavuni mwa kila tairi, kisha mwambieni mwaka wake. Huenda hakuujua.