Hesabu Maji Kabla ya Kupanda Mboga



Mvua zikiisha, mboga za majani huwa haba vijijini. Wenye mashamba bondeni hulima bustani. Wengine hula ugali na dagaa wiki nzima, bila jani la kijani. Ukiwauliza, hujibu: "Hatuna maji ya bustani."

Mimi nasema maji yapo. Tunayamwaga kila siku uani.

Maji ya kunawia mikono humwagwa. Maji ya kuoshea mchele na mboga humwagwa. Maji ya kusuuzia vyombo nayo humwagwa. Weka ndoo kuukuu karibu na jiko. Kwa siku 3, kusanya maji hayo. Kila jioni andika umepata kiasi gani: robo ndoo, nusu ndoo au ndoo nzima. Kiasi hicho ndicho kitakuonyesha ukubwa wa bustani yako. Bustani inayomlazimisha mama kwenda kisimani mara moja zaidi haitadumu. Mama ana mzigo wa kutosha.

Anza na gunia moja tu. Lisimamishe karibu na jiko, mahali penye jua. Liweke hapo kabla ya kulijaza, kwa sababu likijaa halibebeki. Changanya madebe 2 ya udongo mzuri na debe 1 la samadi iliyooza. Usitumie samadi mbichi. Huunguza mizizi, tena ina vijidudu vya kuharisha.

Chukua kopo kubwa lisilo na kitako. Lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze mawe madogo. Jaza udongo kulizunguka. Kisha livute juu, mawe yabaki. Rudia mpaka gunia lijae. Maji utakayomwaga juu ya mawe yatafika mpaka chini.

Toboa matundu ubavuni, moja mbali na jingine kwa shubiri moja. Panda humo miche ya sukumawiki au mchicha. Juu unaweza kupanda matembele. Mwagilia asubuhi au jioni. Ingiza kidole katika udongo. Ukiwa bado na unyevu, usiongeze maji. Zungushia miiba ili mbuzi na kuku wasile kabla yako.

Kama huna gunia, tumia ndoo iliyopasuka, karai bovu au debe. Vyote vitobolewe chini. Chombo kisicho na tundu huozesha mizizi. Kikituamisha maji, huzaa mbu.

Lakini sikiliza vizuri. Usipande mboga katika kopo au gunia lililokuwa na dawa ya pamba, dawa ya kuogeshea ng'ombe au mbolea ya dukani. Usitumie pia kopo la rangi au la mafuta ya gari. Kuosha hakutoshi. Usimwagilie maji yenye sabuni nyingi, wala yaliyofulia nguo zenye kinyesi cha mtoto.

Kwa nini tujisumbue? Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59, watoto 58 walikuwa na upungufu wa damu. Mtoto mwenye damu kidogo huchoka upesi na huchelewa kujifunza. Mama mjamzito mwenye damu kidogo huwa hatarini anapojifungua. Mboga za kijani zina madini ya chuma yanayosaidia kuongeza damu. Tena zina vitamini A, inayolinda macho.

Hata hivyo, mboga si dawa ya kila kitu. Malaria na minyoo pia hupunguza damu. Mama mjamzito aendelee kuhudhuria kliniki na kumeza vidonge anavyopewa.

Mboga zioshwe kwa maji safi. Zipikwe kwa muda mfupi, kwa maji kidogo. Tia mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa, ili mwili uipate vitamini A. Kamulia limau, ili mwili uyapate madini ya chuma. Usichume shina zima. Chuma majani ya chini, mmea uendelee kukua.

Mwaka 1975 wananchi wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma na kujadili katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Jina hilo ni kweli mpaka leo. Lakini chakula hakiingii sunguni kwa majadiliano peke yake.

Akina baba, gunia hili si kazi ya mama peke yake. Bebeni mawe, udongo na samadi. Watoto wachunge kuku. Leo jioni, kabla ya kumwaga maji ya kunawa, uliza: je, ndoo iko wapi?

Maswali ya kujadili:
1. Nyumba yako humwaga maji kiasi gani kwa siku?
2. Ni vyombo gani nyumbani kwako havifai kupandia mboga? Kwa nini?