Vua Hiyo Jaketi Tupige Picha

Leo hakuna video. Ni maandishi tu, na mengine yananihusu mimi mwenyewe vibaya, so tulia usome.

Wiki jana dogo mmoja wa huku kwetu Myanga alinitumia picha inboksi. Ako kidato cha tatu. Kwenye picha wako watano ndani ya boti, Ziwa Naivasha, mlima Longonot nyuma yao. Wamesimama wote, mikono juu, mashati yanapepea. Jaketi za kuokoa maisha zimerundikwa miguuni kama nguo chafu. Chini ameandika: "Tumefanya kama wewe, bro."

Na hakudanganya. Hiyo pozi ni yangu. Hata rundo la jaketi ni langu.

Wale mnanifuata tangu mwaka jana mnaijua hiyo video. Tulitoka Bungoma wanne, matatu hadi Eldoret, nyingine hadi Nakuru, tukashukia Naivasha tukiwa na vumbi hadi kwa masikio. Tukakodi hema kando ya ziwa. Usiku tulisikia viboko wakila nyasi nje ya ua wa umeme, tukacheka kama watoto. Kesho yake alasiri tukapanda boti. Nahodha hakuwasha injini hadi kila mtu avae jaketi. Tukavaa.

Tulipofika katikati mimi ndiye nilisema: "Vueni hizo jaketi tupige picha." Rangi ya machungwa ilikuwa inaharibu mavazi. Nahodha akasema, "Vijana, vaeni, upepo unakuja." Nikamjibu, "Mzee, dakika moja tu." Nilimwita mzee na bado sikumsikiza. Yeye akanyamaza. Tulikuwa tumelipa, na anajua mteja akikasirika ataenda kumsema mtandaoni.

Kile hamkuona ni kilichofuata. Upepo ulikuja kweli. Boti ikainama, maji yakaingia, msee mmoja akaanguka magoti, na jaketi moja ikabebwa na maji. Tuliiona ikienda. Mwenye jaketi akanyoosha mkono kuifuata, nahodha akamvuta kwa mshipi. Kati yetu wanne, hakuna hata mmoja anajua kuogelea.

Hiyo sehemu niliikata. Nikawawekea sekunde arobaini za raha, muziki juu, nikaandika "maisha ni sasa." Ndiyo video yangu imetazamwa zaidi ya zote. Ndiyo ilinilipia kodi ya nyumba miezi miwili, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili na kuambia mamangu kwamba simu itanilisha.

Sasa tuongee kuhusu hilo ziwa, kwa sababu wengi tunaenda kupiga picha na kitu hata hatukijui.

Naivasha ni jina lililotokana na neno la Kimaasai, Nai'posha. Maana yake ni maji yanayochafuka, yanayorukaruka. Wamaasai hawakulipatia hilo jina juu ya urembo. Asubuhi ziwa limetulia kama chai kwenye kikombe, alafu alasiri upepo unashuka na mawimbi yanaanza bila kupiga hodi. Yaani onyo liko kwa jina, na sisi tunaliandika kama lokesheni.

Pili, hapo ni nchi ya volkano. Huo mvuke wa Olkaria, upande wa kusini, unazalisha stima tangu 1981. Pengine ndiyo imechaji simu unayosomea hii. Na Crescent Island, kile kisiwa kila mtu anataka kupigia picha na twiga, ni ukingo wa kreta iliyozama. Sehemu kubwa ya ziwa haina kina kirefu sana, lakini ndani ya hiyo kreta ndipo kuna kina kuliko kwingine kote. Na ndiko boti zote zinaelekea.

Ongeza viboko. Mchana wamezama majini, hasa karibu na mafunjo, na wameua wavuvi ambao wamelijua hilo ziwa maisha yao yote. Wewe umelijua tangu jana saa kumi.

Najua komenti zitakazokuja, wacha nizijibu mapema.

"Hakuna mtu alikufa, relaksi." Ndiyo, hakuna aliyekufa, na hapo ndipo shida yangu iko. Angekufa mtu, ile video haingetoka. Inatoka kwa sababu tulibahatika, alafu dogo wa Myanga anaona bahati yangu anadhani ni ujuzi. Wale ambao hawakubahatika hawana video.

"Mimi naweza kuogelea." Poa. Umeogelea na viatu na jeans, kwa maji baridi, na mwenzako asiyejua kuogelea amekushika shingo?

"Ni kazi ya mwenye boti kutulazimisha." Nusu kweli. Kuna boti zina jaketi kuukuu, bakoli zimekatika, zinanuka, na hao wanafaa kufungiwa kazi. Lakini siku yangu jaketi zilikuwa nzima, na mtu alituomba. Sisi ndio tulivua. Usimbebeshe nahodha mzigo wa laiki zako.

"Umeanza kuwa mzazi." Sawa. Basi tutoke Naivasha twende jirani. Tarehe 24 Novemba 2018, Jumamosi, boti ya starehe ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, Uganda. Muziki ulikuwepo, marafiki walikuwepo, ufuo haukuwa mbali. Boti ilikuwa imejaza kupita kiasi na wengi hawakuwa wamevaa jaketi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hao hawakuwa wavuvi waliosukumwa na njaa. Walikuwa watu kama sisi, wametoka kujienjoi wikendi.

Na hii si ya watalii. Mzungu akija Naivasha anavaa jaketi bila aibu, anafunga bakoli, anakaa. Sisi wa kutoka Bungoma, ambao wengi tulijua maji kwa kuteka mtoni na kuchapwa tukikawia huko, ndio tunajifanya samaki mbele ya kamera.

So nimefanya hivi. Ile video nimeifuta jana usiku. Ndiyo, ile ile. Mkiona ukurasa wangu umepoa, mjue sababu. Kampuni ikinitaka nitangaze wikendi ya kambi na boti, sharti langu ni moja: jaketi inakaa mwilini hadi tuguse nchi kavu. Wakisema inaharibu picha, watafute mwingine.

Na wewe unayesoma, nenda kambi. Sisemi usiende. Naivasha ni safi, na hakuna asubuhi kama ile ukitoa kichwa kwa hema. Lakini panda boti asubuhi, usingoje upepo wa alasiri. Kabla ulipe, shika jaketi, vuta bakoli uone kama inashika. Kaa chini. Usiku usitoke nje ya ua kutafuta kiboko. Na nahodha akisema vaa, vaa.

Kubwa zaidi: ukiona msee amepost akiwa kwa boti bila jaketi, usimpe laiki. Hizo laiki ndizo zilinifanya nisimsikize mzee wa watu.

Yule dogo nilimpigia simu. Nilimwambia kile nilichokata kwa video. Alinyamaza kidogo, alafu akaniuliza, "Kwani mbona hukutuonyesha?"

Sikuwa na jibu. Ndio maana nimeandika.